MCHEZA KWAO HUTUZWA: Somo Kutoka Klabu ya Mlandege ya Zanzibar

Nakuandikia kutoka hapa Kaplong, penye baridi ya asubuhi na majani chai mpaka macho yachoke.

Mwaka huu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alimpa kila mwanachama kazi moja. Tuchague jambo lolote la watu wa pwani, tulichunguze, kisha tuliandikie gazeti letu. Wenzangu wakakimbilia taarabu, wengine milango ya Lamu, wengine pilau na biriani. Mimi nikasema nitaandika juu ya klabu ndogo ya mpira ya kisiwani Unguja. Darasa lote likacheka. "Wewe kipa wa akiba," akasema rafiki yangu mmoja, "mpira wenyewe huucheza, sasa utauandika?"

Nilinyamaza, lakini sababu nilikuwa nayo. Hebu nikueleze kwanza sababu hiyo, ndipo tuvuke bahari pamoja.

UWANJA ULIOBAKI NA NG'OMBE

Mimi nilizaliwa kambini, katika shamba moja kubwa la chai. Kando ya nyumba za wafanyakazi kulikuwa na uwanja. Baba yangu alikuwa mchumaji wa chai siku za kazi, na Jumamosi alasiri alikuwa beki wa kushoto. Timu ya shamba ilikuwa na jezi, viatu na mipira, na siku ya mechi ya ugenini ilipewa lori. Yote hayo yalitoka kwa kampuni. Akina mama walikuwa wakiuza mahindi ya kuchoma pembeni, na sisi watoto tulikuwa waokota mipira.

Kisha zikaja mashine za kuchuma chai. Watu wachache wenye mashine wakawa wanafanya kazi ya kundi zima. Wafanyakazi wakapunguzwa, nyumba zikabaki tupu, na lori likapelekwa kwingine. Hakuna mtu aliyetangaza kwamba timu imefungwa. Ilikufa kimyakimya, hata bila ya filimbi ya mwisho. Leo mlingoti mmoja wa goli umeanguka, mwingine umeinama, na ng'ombe wanakula nyasi ndani ya boksi.

Siku moja nilimwuliza, "Baba, kwani nyinyi wachezaji hamngeendelea tu kucheza?"

Alikaa kidogo, akasema, "Kijana wangu, tungeendelea na nini? Mpira ulikuwa wao, jezi zao, uwanja wao. Ile timu haikuwa yetu."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Ndiyo maana niliposikia kwamba klabu yenye jina la mtaa mmoja tu wa Unguja iliwalaza miamba wa Tanzania bara, nikataka kujua: timu ya watu wa mtaa huishi vipi?

KISIWA NA MPIRA WAKE

Zanzibar ni visiwa viwili vikubwa, Unguja na Pemba, pamoja na visiwa vidogo. Iliungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili 1964, ikawa sehemu ya nchi tunayoiita Tanzania. Mpira wa miguu ulifika huko wakati wa Waingereza, na kufikia miaka ya 1920 vijana wa mjini walikuwa tayari wana klabu zao na wanachuana katika viwanja vya Mnazi Mmoja.

Nchi zetu zilianza kushindana zamani. Kombe la Gossage, lililopewa jina la watengenezaji wa sabuni, lilianza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda. Tanganyika ikaingia mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949. Kombe hilo ndilo mzazi wa Kombe la Chalenji la CECAFA. Zanzibar, pamoja na udogo wake, ililitwaa Kombe la Chalenji mwaka 1995 huko Uganda. Kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba kisiwani ni karafuu na watalii tu.

Mji wa Zanzibar una pande mbili. Kuna Mji Mkongwe wenye nyumba za mawe, na kuna Ng'ambo. Zamani pande hizi zilitenganishwa na mkono wa bahari, watu wakivuka kwa daraja. Mkono ule ulifukiwa, lakini jina la Darajani limebaki mpaka leo. Ng'ambo ndiko walikokaa wafanyakazi, wachukuzi na mafundi, watu wa jasho kama wale wa kambi zetu. Mlandege ni mtaa wa upande huo, na klabu yetu imechukua jina la mtaa.

TIMU ZA VIKOSI NA TIMU ZA MITAA

Hapa pana jambo ambalo ukilielewa, umelielewa soka la Zanzibar. Klabu za huko ni za namna mbili.

Namna ya kwanza ni timu za vikosi na idara za serikali. KMKM ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, yaani walinzi wa baharini. JKU ni Jeshi la Kujenga Uchumi. KVZ ni Kikosi cha Valantia Zanzibar. Kuna Polisi, kuna Zimamoto, na kuna Mafunzo ambayo ni ya idara ya magereza. Mchezaji wa timu kama hizi huweza kupata ajira pamoja na namba uwanjani. Akiumia goti, bado ana kazi. Kwetu Kenya tunazijua timu za jinsi hii: Ulinzi Stars, Posta Rangers, KCB, Bandari. Timu ya baba ilikuwa ya ukoo huohuo, ingawa ndogo.

Namna ya pili ni timu za mitaa: Malindi, Miembeni, Kikwajuni, Mlandege. Hizi hazina kambi ya jeshi wala mshahara wa serikali. Nguvu yao ni wanachama, wafadhili wanaopatikana na kupotea, na jina.

Tuwe wakweli. Katika miaka ya karibuni, timu za vikosi ndizo zilizotawala ligi. Tazama baadhi ya mabingwa wa Zanzibar: Polisi 2005 na 2006, Mafunzo 2009, KMKM 2013 na 2014, Zimamoto 2016, JKU 2017 na 2018. Mlandege ilikuwa bingwa mwaka 2001 na 2002. Baada ya hapo ilisubiri mpaka msimu wa 2019/2020 ndipo ikautwaa tena ubingwa.

Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Ni miaka 18! Mtoto aliyezaliwa siku ya sherehe ya 2002 alikuwa amemaliza shule kabla hajaiona timu ya mtaa wake ikiwa bingwa wa ligi tena. Kama klabu ingekuwa mali ya mwajiri, mwajiri angeuliza mwaka wa tano tu, "Hii inanifaidi nini?" Mtaa hauulizi hivyo. Mtaa hauwezi kustaafisha jina lake.

Na ubingwa wenyewe haukuleta raha ya moja kwa moja. Mlandege ilipoingia Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2020/2021, ilikutana na CS Sfaxien ya Tunisia ikatolewa katika hatua ya awali. Kwa hivyo hii si hadithi ya sungura anayeshinda kila siku.

JANUARI MBILI ZA AJABU

Kila mwezi wa Januari, Zanzibar huandaa Kombe la Mapinduzi kukumbuka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Kwa kawaida timu za kisiwani hucheza na wageni kutoka bara na nchi jirani. Wageni hao si wa mchezo. KCCA ya Uganda ililichukua kombe mwaka 2014, URA ya Uganda mwaka 2016, Azam mara tatu mfululizo, 2017, 2018 na 2019, kisha Mtibwa Sugar 2020, Yanga 2021 na Simba 2022. Mwaka baada ya mwaka, mwenyeji anapika, mgeni anakula, na sufuria anaondoka nayo.

Ikaja Januari 2023. Mlandege ilipangwa kundi moja na Simba ya Dar es Salaam, klabu iliyoanzishwa mwaka 1936, ambayo mwaka huohuo wa 2023 ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mlandege ikashinda bao 1 kwa 0. Simba ikatolewa katika makundi! Tarehe 13 Januari ikafika fainali dhidi ya Singida Big Stars, na Mlandege ikashinda 2 kwa 1. Kombe likabaki nyumbani.

Bila shaka wapo waliosema ni bahati. Lakini bahati, kama mgeni mwenye adabu, haiji mara mbili bila kuitwa. Januari 2024, katika uwanja wa Amaan uliokuwa umetoka tu kukarabatiwa, Mlandege iliitoa APR ya Rwanda kwa penalti katika nusu fainali. APR ilikuwa imekwisha kuitoa Yanga. Katika fainali ya tarehe 13 Januari, aliyesimama upande wa pili alikuwa Simba yuleyule, safari hii akijua anacheza na nani. Matokeo? Mlandege 1, Simba 0. Kombe mara mbili mfululizo.

Wahenga walinena: mdharau mwiba mguu huota tende.

Lakini naomba tusilewe. Katika misimu hiyohiyo miwili ligi ya Zanzibar ilichukuliwa na timu za vikosi: KMKM msimu wa 2022/2023, JKU msimu wa 2023/2024. Ligi ni safari ya miezi mingi, na hapo mwenye mshahara wa uhakika ana nafuu. Kombe ni wiki mbili, na wiki mbili mtaa mzima unaweza kuzibeba mabegani. Tena si kwamba kila mchezaji wa klabu kama hii amezaliwa mtaani. Klabu za leo huchukua mchezaji popote anapopatikana. Kinachobaki cha mtaa ni jina, wanachama, na wale watu wanaokuja uwanjani hata baada ya kufungwa.

UKUTA WA FIFA

Kuna jambo lingine linalowabana watu wa kisiwani. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Kwa FIFA, nchi ni Tanzania. Tangu 2004 Zanzibar ina uanachama mshirika katika CAF, na kwa sababu hiyo klabu zake huingia mashindano ya klabu za Afrika zenyewe, bila kupitia ligi ya bara. Lakini timu ya visiwa, ile wanayoiita Zanzibar Heroes, haiwezi kucheza mechi za kufuzu Kombe la Dunia wala Kombe la Mataifa ya Afrika kwa jina lake.

Mwaka 2017 ukuta ulionekana kama umeanguka. Mwezi Machi CAF iliikubali Zanzibar kuwa mwanachama kamili, wa 55. Mwezi Julai mwaka huohuo CAF ikaondoa uanachama huo, ikisema haikufaa kuukubali kwa kuwa Zanzibar si nchi pekee. Furaha ya miezi minne!

Mtu mwingine angekunja jamvi. Wao Desemba hiyohiyo walikuja hapa Kenya katika Kombe la Chalenji, wakaitoa Uganda katika nusu fainali, wakakutana na Harambee Stars yetu kule Machakos. Mechi ilikwisha 2 kwa 2, na Kenya tukashinda kwa penalti 3 kwa 2. Najua wengi wenu mnaikumbuka fainali hiyo kwa ushindi wetu. Leo naomba mwikumbuke pia kwa ajili ya wale walioshindwa, waliokuwa wamenyimwa kiti miezi mitano tu kabla. Na Januari 2025, Kombe la Mapinduzi lilipochezwa na timu za taifa katika uwanja wa Gombani kisiwani Pemba, Zanzibar Heroes waliifunga Burkina Faso 2 kwa 1 katika fainali.

TURUDI KAPLONG

Sasa utaniuliza, yote haya yanatuhusu nini sisi wa nchi ya chai?

Kwanza, sisi tumezoea kusema, "Mpira si wetu, sisi ni wa mbio." Ni kweli mbio zimetupa heshima. Wilson Kiprugut wa Kericho ndiye aliyeiletea Kenya medali ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 huko Tokyo mwaka 1964. Lakini mkimbiaji hukimbia peke yake. Timu hufundisha jambo jingine: kuwa na kitu pamoja na mwenzako ambaye hata hampatani.

Pili, mpira tumekuwa nao. Zoo ya Kericho ilipanda Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2017, tukajivuna kweli. Mwaka 2021 FIFA iliiondoa ligini na kuishusha daraja kwa kosa la upangaji wa matokeo. Hapo tunajifunza kwamba timu haifi kwa kukosa pesa peke yake. Hufa pia jina lake likiuzwa. Lori likiondoka, watu wanaweza kutembea. Jina likiondoka, watatembea wakienda wapi?

Tatu ni jambo linaloniuma zaidi. Likizo ya Desemba tulikutana vijana 18 wa senta yetu tukitaka kuanzisha timu. Mjadala ukawa moto kuliko mechi. Upande mmoja ulisema twende kwa mheshimiwa fulani atupe jezi na mpira, bora tu tukubali picha yake iwe kifuani. Upande mwingine, nikiwemo mimi, tukasema kila mtu atoe shilingi ishirini kwa wiki, tununue mpira mmoja kwanza, jezi baadaye.

"Ishirini ishirini mpaka lini?" wakatucheka. "Mtacheza na fulana za kulalia!"

Nikawaambia habari za Mlandege na ile miaka 18. Nikawaambia pia alichosema baba. Jezi ya mheshimiwa ina tarehe ya mwisho, nayo ni siku ya uchaguzi. Jezi ya kampuni nayo ina tarehe yake, nayo ni siku ya mashine. Fulana ya kulalia haina mtu wa kuidai.

Tulipiga kura. Tisa kwa tisa. Sare! Tumeahirisha mpaka likizo ya Aprili. Sijui tutaamua vipi, na wale tisa si wajinga. Njaa ya mpira ni njaa, na shilingi ishirini kwa mwana wa mchumaji si mchezo. Ila jioni ile nilipomweleza baba, alinyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na noti ya shilingi mia moja. "Andika jina langu," akasema. "Wiki tano. Safari hii nataka iwe yangu."

Ndugu msomaji, mcheza kwao hutuzwa. Lakini kabla ya kutuzwa, lazima pawe kwao.

MSAMIATI WA KUKUMBUKA

Bao: goli lililofungwa. Husemwa "bao 1 kwa 0" au "bao moja kwa bila".
Suluhu: kwa Watanzania, mechi iliyokwisha bila bao lolote. Sisi Kenya tumezoea "sare tasa".
Sare: mechi ambayo timu zimefungana mabao sawa.
Matuta: jina la mtaani la mikwaju ya penalti.
Kutwaa kombe: kulichukua kwa ushindi.
Ng'ambo: upande wa pili wa maji, pia nchi za mbali.
Kukunja jamvi: kumaliza shughuli na kuondoka.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI

1. Eleza tofauti kati ya timu ya kikosi na timu ya mtaa. Kila moja ina faida gani kwa mchezaji?
2. Kwa nini klabu ya Zanzibar huweza kucheza mashindano ya CAF, ilhali timu ya visiwa haiwezi kucheza mechi za kufuzu Kombe la Dunia?
3. Mwandishi asema kombe na ligi si kipimo kimoja. Je, wakubaliana naye? Toa mfano kutoka katika makala.
4. Ungekuwa kijana wa 19 katika mkutano wetu wa Desemba, ungepiga kura upande gani? Andika insha ya ukurasa mmoja. Nami naahidi kuzisoma zote kabla ya Aprili, maana tunahitaji mawazo.